Panya Mwenye Mwanya

Wale mlioniacha wiki iliyopita nimesimama juu ya meza, fagio mkononi na suruali nimeichomeka kwenye soksi, poleni kwa kungoja. Nimeshateremka.

Kwa anayenikuta leo, habari yangu ni hii. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndiyo karakana, chumba cha kati anashonea mke wangu, na chumba cha nyuma yuko mama mkwe tangu paa lake lianze kuvuja. Niliapa mbele ya wanawake hao wawili kwamba nyumba yangu haina panya. Kabla sijafunga mdomo, panya akakatiza mezani mchana kweupe, akapita kati ya kikombe changu na kikombe cha mama mkwe. Kesho yake gauni la bibi harusi, kazi ya wiki tatu za mke wangu, likakutwa limetafunwa pindo.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ijumaa saa sita," alisema. "Ama panya ametoka, ama nimetoka mimi. Kaka anakuja na gari. Naondoka na mama na cherehani."

"Halafu unarudi lini?"

"Sirudi. Nimechoka kuolewa na mtu wa kuapa."

Mnaojua ndoa mnajua kuna vitisho na kuna taarifa. Hiyo ilikuwa taarifa. Sikulala, na sioni haya kusema nililia kidogo nikiwa nasugua meno ya mteja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika kwa Bwana Mitego, mwenye duka la vifaa, ambaye mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hana mazungumzo mengine.

"Nataka dawa ya panya."

"Panya gani?"

"Panya! Kwani kuna panya gani na panya gani?"

Akavua miwani. Nyuma yangu watu wanne walishapanga foleni, wawili kati yao wanatafuna kwa meno niliyowatengenezea mimi.

"Choo chake kikoje?" akauliza kwa sauti ya kutosha watu wote.

"Choo cha nani?"

"Cha panya wako. Kikiwa kidogo kama punje ya mchele, huyo ni panya mdogo wa nyumbani. Kikiwa kinene, butu huku na huku, huyo ni panya wa mtaroni. Kikiwa kirefu, kimechongoka ncha, una panya wa dari. Huyo mkia wake mrefu kuliko mwili, na hatembei chini kama ana njia ya juu. Yule mdogo anapita tundu la penseli. Hawa wakubwa wanataka tundu la kidole gumba. Sasa wewe utategaje kabla hujajua mgeni wako ni nani na analala wapi?"

"Sijakagua vyoo vya panya. Mimi ni mtu wa meno."

"Basi kagua meno," akasema, na foleni ikacheka.

Yeye alitania. Mimi nililichukua kama wosia, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Aliniuzia mtego wa kubana na waya wa kusugulia masufuria wa kuzibia matundu. Akaniambia unga na nafaka zote ziingie kwenye makopo yenye vifuniko. Kisha akaniinamia. "Panya ni mwoga wa kitu kigeni. Weka chambo, lakini mtego usiutege. Siku tatu mwache ale, azoee. Siku ya nne, tega."

"Chambo gani?"

"Siagi ya karanga na kipande cha sukari guru. Sijamwona anayekataa."

Sasa, sukari kwetu si kitu cha kuweka ovyo. Mama mkwe ana kisukari, na daktari alishamkataza. Mke wangu amefungia sukari yote kabatini, na ufunguo anauvaa shingoni kwa uzi. Nilipoomba sukari guru ya panya alinitazama sana, akanifungulia.

Niliweka mtego jikoni, nyuma ya pipa la maji. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananitazama.

"Hiyo yote ya panya?"

"Ndiyo, mama."

"Kipande chote hicho?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Dunia imegeuka. Panya anapewa, mgonjwa ananyimwa."

Jumatatu hiyo hiyo mchana, chambo hakikuwepo. Jumanne nikaweka kingine, kikaliwa mpaka ubao wa mtego ukang'aa. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Panya anazoea! Jumatano alikula nusu tu, akaacha nusu, na kwenye ile nusu kulikuwa na alama za meno.

Nikakimbia nayo karakana. Nikakoroga plasta, nikamimina juu ya alama, nikangoja igande, nikabandua. Nikapata umbo la meno ya mbele ya juu, safi kabisa, kazi ya kuonyesha wanafunzi. Nikalitia mkononi na nikaogopa. Meno yalikuwa mapana. Katikati, kati ya jino na jino, palikuwa na nafasi.

Nikalipeleka kwa Bwana Mitego.

"Panya wangu ana mwanya," nikamwambia.

Aliligeuza, akaligeuza tena. "Miaka thelathini nauza mitego," akasema. "Huyu akiwa panya, usimtege. Mwombe radhi."

"Ni wa mtaroni?"

"Ni wa kwako. Kikulacho ki nguoni mwako." Akanirudishia umbo langu, akahudumia mteja mwingine.

Sikumwelewa. Nisameheni. Miaka ishirini nasoma vinywa vya watu, na lile somo moja nililohitaji likanipita. Mganga hajigangi.

Alhamisi nikautega mtego. Saa nne asubuhi, pa! Nikaruka. Nilipofika jikoni mtego ulikuwa umefyatuka. Chambo hakuna. Panya hakuna. Mtego ulikuwa umebana kijiko cha chai.

Nilikaa chini sakafuni. Panya anayetumia kijiko! Mama mkwe alikuwa kitini kwake, amefumba macho, anaomba dua.

"Mama, hujaona kitu kimepita hapa?"

"Mwanangu, macho haya ya uzee yataona nini?"

Mke wangu akachungulia mlangoni, sindano mdomoni. Akaona kijiko. Akarudi chumbani, na nikasikia zipu ya begi la nguo.

Basi nikafanya lililobaki. Plasta ninayotumia kazini, ile ya haraka, ikikutana na maji huganda kwa dakika nne. Nikachukua plasta kavu, nikachanganya na sukari guru niliyoiponda, nikashikanisha kwa siagi ya karanga, nikafinyanga tonge zuri la kunitia mate hata mimi. Panya akilibugia, likikutana na maji ya tumboni mwake, hesabu yake imekwisha, awe na kijiko au awe na uma.

Ijumaa saa tatu asubuhi nikaliweka nyuma ya pipa. Mtego sikuweka. Sikutaka kumpa kazi ya bure.

Saa tano shemeji akafika na pikapu yake, saa nzima kabla ya wakati. Ni mtu mkubwa, mpole, anayebeba cherehani kama mtu anayebeba kuku. Akaitoa nje, akaipakia. Mke wangu akatoka na begi.

"Kuna panya?" akaniuliza.

"Saa sita haijafika."

"Nimeuliza kuna panya?"

Nikatazama pipa. Akaita ndani, "Mama! Twende!"

Mama mkwe hakuitika. Akaita tena. Tukaingia jikoni sote watatu. Alikuwa kitini, ameketi wima, mashavu yamejaa, macho yamemtoka.

"Mama?"

"Mmm."

"Mama, fumbua mdomo."

"Mmmmm!"

"Mama amepooza mdomo!" mke wangu akapiga yowe, zile kelele nilizozitamani wiki nzima. Shemeji akamnyanyua mama yake pamoja na kiti. "Hospitali!" akasema, akaelekea mlangoni, kiti kikagoma kupita.

Hapo ndipo nilipoona unga mweupe pembeni mwa midomo yake. Na harufu ya karanga. Mama mkwe, yuko hewani, akanitazama. Aliomba kwa macho, na sijawahi kuombwa vile.

"Mshushe," nikasema. "Hii ni kazi yangu."

"Kazi yako ni meno!"

"Ndiyo. Ni meno. Meno yamekwama."

Sikusema uongo. Nikamwongoza mpaka karakana. Mke wangu alitaka kuingia naye, mama mkwe akamtolea kiganja kikubwa cha kumzuia, nikafunga mlango.

Meno yake nilimtengenezea mimi, miaka miwili nyuma. Hakuna mkwe aliyepata aibu niliyoipata siku zile, vidole vyangu kinywani mwa mama wa mke wangu, yeye kafumba macho, na mimi, Mungu ananiona, nimefumba yangu. Nilipapasa tu. Mke wangu ndiye aliyesimama pembeni akaamua kila kitu, rangi, urefu, hata mapambo; mimi nilipanga tu kwa vipimo vyake, na tangu hapo sijamtazama mama mdomoni. Heshima ikizidi humfanya mtu kipofu.

Safari hii nilifumbua macho. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yameshikana na tonge langu yakawa kitu kimoja. Nikayang'oa yote kwa mpigo, yakatoka kama tofali. Mama mkwe akavuta pumzi, akasukutua mara tatu, akanigeukia na ufizi mtupu.

"Ulitia nini humo?"

"Plasta, mama."

"Plasta! Unataka kuniua?"

"Nilitaka kumuua panya, mama."

Mimi nikagonga tofali taratibu kwa nyundo ndogo, plasta ikabanduka, na meno ya juu yakatoka na mwanya katikati. Nikaweka pembeni yake lile umbo la Jumatano. Mwanya ule ule.

"Na Jumatatu, mama?"

"Nilionja."

"Na Jumanne?"

"Jumatatu ilikuwa tamu."

"Na kijiko?"

"Ulitaka nitie kidole?"

Ningecheka, lakini alianza kulia. Akalia kimya kimya, ameshika mtandio mdomoni. "Miaka sabini nimekula nilichotaka," akasema. "Leo binti niliyemnyonyesha anavaa ufunguo wa sukari shingoni. Akijua hili atanifungia na maji. Nitaishi kwa kaka yake kama mfungwa, nahesabiwa tonge."

"Lakini mama, hiyo sukari itakuua kabla ya plasta yangu."

"Najua. Nimekoma. Plasta imenikomesha." Akanishika mkono. "Mwanangu, nifichie. Ukinifichia, mkeo haondoki leo. Hilo niachie mimi."

Nikamtazama yule mama, mdogo, mdomo umeingia ndani, na nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nikaahidi. Niliapa, mimi ninayeachwa kwa sababu ya kuapa.

Koti langu la kazi lilikuwa limejaa plasta na siagi ya karanga. Nikatia meno mfukoni nitayasafisha baadaye, nikalitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana, nikanawa, tukatoka.

Mama mkwe alisimama uani, mtandio mdomoni. "Shusheni cherehani," akasema. "Nyumba hii haina panya."

"Mama! Tulimwona mezani!"

"Yule alikuwa mpita njia. Anayekula chambo si panya." Akanyoosha kidole. Nilikifuata kile kidole nione kinakwenda wapi, na kikaja kusimama kifuani kwangu. "Ni mumeo. Nimemfuma kwa macho yangu. Amechuchumaa nyuma ya pipa, anakula."

Ulimi wangu ukaganda bila plasta.

Shemeji akanitazama. Mke wangu akanitazama. Nikapiga hesabu haraka. Nikikataa, panya yupo, na gari linaondoka. Nikikubali, panya hayupo, na mke wangu anabaki, ila anabaki na mume anayekula chakula cha panya.

"Ni kweli," nikasema. "Panya ni mimi."

Shemeji akashusha cherehani polepole. "Pole sana," akasema. Sijui alikuwa anampa nani.

Mke wangu alinisogelea. "Na kijiko kwenye mtego?"

"Mimi."

"Na gauni la bibi harusi?"

"Mimi."

"Pindo lote lile ulilitafuna wewe?"

"Nilikuwa na mawazo."

Akaingia karakana, akatoka na lile umbo la Jumatano mkononi, ambalo habari zake zilishaenea mtaani. Akavua ufunguo shingoni, akaenda kabatini, akarudi na kipande cha sukari guru. Nilimwona mama mkwe akikifuata kile kipande kwa macho mpaka kilipofika mdomoni kwangu.

"Uma."

Nikauma. Akakichukua, akakiweka juu ya kinu kilichofudikizwa pale uani, umbo pembeni yake, akavua utepe wa kupimia shingoni. Mke wangu hupima kila kitu mara mbili. Akapima mara mbili. Akaenda kupima mara ya tatu, kisha akauzungusha utepe kwenye vidole, kazi ambayo huifanya akiwa amekasirika au amepata uhakika.

"Wewe huna mwanya," akasema.

"Unakuja ukiwa na njaa."

"Mwanya huu naujua. Niliuchagua mwenyewe. Niliupima kwa utepe huu huu, siku mama aliposema hataki meno ya bandia bila mwanya wake wa usichana." Akamgeukia mama yake, na sauti ikashuka, ikawa ya mtoto. "Mama, hebu cheka."

Mama mkwe akakaza mtandio. "Nicheke nini, na meno sina? Anayo mumeo. Anayasafisha."

"Nenda kayalete," mke wangu akaniambia.

Nilikwenda miguu mizito. Nilikuwa nimeshapanga nitateleza, yataanguka, nitayakanyaga, nitalia. Nikasukuma mlango wa karakana, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti.

Vidole vyangu vikatokea upande wa pili.

Mfuko ulikuwa umetafunwa chini, umeachama, na siagi yote imelambwa. Chini ya msumari yalilala meno ya chini peke yake. Ya juu, yale yenye mwanya, hayakuwepo. Pembeni yake, sakafuni, palikuwa na vijichoo vitatu. Niliinama, kwa mara ya kwanza maishani nikavikagua.

Virefu. Vimechongoka ncha.

Na juu ya kichwa changu, darini, kitu kigumu kikaanza kuburutwa, kinagonga kila ubao kinaoupita. Ka. Ka. Ka. Kikatoka juu ya karakana, kikaenda juu ya chumba cha kushonea, kikaenda jikoni.

Tulikutana jikoni sote wanne, tumetazama juu. Hakuna aliyeuliza ni nini.

"Yupo," akasema mke wangu. Akaweka begi chini, akavua viatu. "Leteni ngazi. Nataka hayo meno."

Shemeji akaileta, akaiegemeza penye tundu la dari. Mke wangu akaishika upande mmoja. Mama mkwe, aliyekuwa hatembei bila kushikwa mkono, akafika haraka akaishika upande wa pili.

"Apande mumeo," akasema. "Yeye ndiye fundi."

"Sawa, apande," mke wangu akasema, ananitazama mimi. "Akishuka nayo anikabidhi mimi. Akimkabidhi mtu mwingine, cherehani inarudi garini."

Nikaweka mguu kwenye daraja la kwanza. Mmoja nimemwoa na mwingine nimemwahidi, na wote wawili wameishika ngazi yangu. Nikapanda la pili. Nikapanda la tatu.

Sauti ikakoma. Penye ukingo wa tundu, mkia mrefu ukaning'inia kwanza, mrefu kuliko nilivyodhani. Kisha panya akageuka, akachungulia chini, akatutazama wote mmoja mmoja, meno ya mama mkwe kinywani mwake, anatuchekea kwa mwanya.